Mikono Yangu na Kreni ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Nimevaa kizibao cha kung'aa. Mimi! Mpiga ishara wa kreni. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na leo mikono hii inaongoza chuma kirefu kuliko jengo lenyewe. Kidole juu—mzigo unapanda. Kiganja chini—unashuka. Mikono yote miwili pembeni—simama papo hapo, hakuna kuuliza.

Anayenitii kule juu ni dada yangu. Mafundi wanamwita Bi Mawingu. Miaka mitano alibeba zege, jioni anasoma vitabu vya kreni, na viatu vyangu ananunua yeye. Alhamisi ana mtihani wa leseni. Akifaulu, ndiye mwanamke wa kwanza hapa kwetu kuendesha kreni ndefu. Akianguka, msimamizi kashasema kiti anampa mpwa wake, dada arudi kwenye zege.

Hawezi kuanguka. Ana mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimempandishia chai. Ngazi ile! Nusu ya njia nilishatubu dhambi zote, hata za kusingiziwa.

Kibandani kwake kajaza picha alizokata magazetini. Mwanamke anaendesha treni kwenye theluji. Mwingine anachomelea bomba chini ya bahari. Bibi mwenye miwani kasimama juu ya daraja alilolijenga. Nchi zao hata kuzitamka siwezi. Nikauliza, picha yangu mbona haipo? Akasema nifanye kitu kwanza. Dharau hiyo! Nimecheka, lakini bibi wa daraja nimemtazama mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 7 Juni

Haya, naandika.

Jana kwenye mtihani nondo zilikuwa zinashuka taratibu, mkaguzi wa leseni katulia na karatasi zake. Mama wa chai akapita, akauliza habari za mechi yetu ya Jumapili, niliyofunga. Mimi na bao langu tena! Nikaanza kumwonyesha nilivyoshangilia—nikafungua mikono yote miwili pembeni.

Kreni ikakwama pale pale. Nondo zikabembea, almanusura zigonge jukwaa. Mkaguzi alikuwa anatazama juu, mikono yangu hakuiona. Akaandika: kasimamisha ghafla bila sababu. Msimamizi akacheka, eti si alisema, mwanamke na kreni wapi na wapi.

Na mimi? Kimya. Mdomo huu usiojua kulala, jana ukasinzia.

Nyumbani dada kanipakulia kama kawaida. Nikamwuliza mbona hakusema ni mimi.

"Kazi yangu ni kutii ishara," akasema. "Kuisemea mikono yako ni kazi yako, mdogo wangu. Kula."



Jumatatu, 10 Juni

Nimesema! Asubuhi, ofisini, mbele ya mkaguzi na msimamizi. Mkaguzi akaniambia nionyeshe nilichofanya. Nikaonyesha, pamoja na kuruka. Hakucheka hata kidogo.

Akasema, aliyeona mikono ile akasimama, kafanya sawasawa. Mtihani unarudiwa leo hii. Kizibao nikavuliwa—halali yao. Msimamizi akaleta mpiga ishara mwingine, jamaa wa watu, mpole.

Dada akakataa. "Nipeni huyu huyu. Mikono yake naijua."

Mkaguzi akawaza weee. Mwishowe akasema sawa, ila nikiharibu tena, hakuna wa kumlaumu ila sisi wawili.

Nimerudishiwa kizibao. Nikamwambia dada asante. Akashtuka, akanishika paji la uso kama nina homa. Nimepekua daftari hili lote: magoli yangu yamo, viatu vimo, asante haimo hata moja. Aibu. Basi iandikwe: asante, dada. Kwa viatu, kwa chakula cha Alhamisi, kwa kutonisemea.

Anapanda ngazi sasa hivi. Hatazami chini. Mzigo umeshafungwa, mkaguzi safari hii kasimama ubavuni kwangu, macho yote kwangu.

Mama wa chai kanipungia kutoka ng'ambo. Simpungii. Mkono mmoja unaandika, wa pili nimeukalia.