Chai Ile Haikuwa na Sukari

Nyumbani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Habari za huko? Natumai mko wazima wote, na kwamba ule mgongo wa Shemeji sasa unampa nafasi ya kulala. Wapwa zangu hawajambo? Yule mkubwa bado anabishana na walimu, au ameshapata anayemweza? Mwambie mjomba wake naye alikuwa hivyo hivyo, akaishia chini ya magari ya watu, oili mpaka masikioni.

Sisi huku tunasukuma siku. Mimi mwili wangu mzima na gereji ina kazi. Shangazi anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mama hajambo, ndivyo ninavyokuambia kila tukizungumza kwenye simu. Leo nakuambia kweli: Mama hayuko sawa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utajiuliza kwa nini nisipige simu. Kuta za nyumba hii unazijua, Mama anasikia hata mtu akipiga miayo chumba cha pili. Halafu kwenye simu wewe hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Kwa hiyo tafadhali kaa chini, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kufoka.

Nianze na vile vidonge vya utamu ulivyokuwa ukitutumia ili Baba aache sukari. Nataka ujue kwanza kwamba vilimsaidia. Kabla ya vidonge, chai yake ilikuwa nzito kama asali, na Mama alikuwa akimgombeza asubuhi na jioni kama mtoto. Vilipoanza kuja, vipimo vikashuka, na kile kidonda cha mguuni kilichokuwa kimekataa kufunga kikafunga. Akarudi kukanyaga cherehani yake kama zamani. Ladha yake hakuipenda, alisema ni kama mtu amelamba msumari. Alivinywa hivyo hivyo kwa kuwa vimetoka kwako. Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali ilikuwa lazima aonyeshwe kikopo: "Hivi ametuma binti yangu."

Mama unamjua, akiamua jambo ameamua. Sukari yote ya nyumbani alimpa jirani, akaapa haivuki tena mlango huu. Chai ya Baba vidonge, yake vidonge, na mgeni akija naye vidonge, apende asipende. Shangazi amesusa chai ya nyumba hii mpaka leo.

Sasa, muuguzi alikuwa amewaonya tangu siku za mwanzo za sindano. Aliwaambia kuwa insulini ikizidi chakula, sukari mwilini inashuka badala ya kupanda, na hilo linaua haraka zaidi. Wakimwona anatetemeka na kutokwa jasho, wampe sukari upesi. Mama aliambiwa hivyo wakati sukari bado iko kabatini. Baadaye ikaondoka, na hakuna aliyelikumbuka lile agizo, si yeye, si mimi, wala Baba mwenyewe.

Siku ile Baba alijidunga sindano asubuhi kama kawaida, kisha akaacha chakula kipoe mezani. Kulikuwa na bwana harusi amekuja kumsimamia kichwani, anataka koti lake. Unamjua Baba na kazi ya watu. Mchana Mama akapita chumba cha kushonea, akaona mkono wa kushoto wa koti ameushonea upande wa kulia. Mtu aliyeshona makoti tangu mimi na wewe hatujazaliwa! Alipomtazama usoni akakuta jasho linamtiririka, vidole vinatetemeka hata sindano ya uzi haishikiki.

Mama hakuchelewa, Dada. Hapo nisikilize vizuri. Alikimbia jikoni, maji ya moto yalikuwa tayari kwenye chupa, akatengeneza chai akaitia vidonge vingi kuliko siku zote ili iwe tamu kupita kiasi. Kwake yeye, kitu kilichokaa mahali pa sukari miaka yote hiyo kilikuwa ni sukari. Akamnywesha kikombe kizima. Alipoona bado anatetemeka akatengeneza cha pili, na hicho akakikoleza zaidi. Duka liko ng'ambo ya barabara, rafu zimejaa sukari.

Baba alipomaliza kile cha pili alimwambia, "Mama watoto, leo ndiyo umepika chai." Kisha akalaza kichwa juu ya lile koti. Hakusema tena neno lolote mpaka tulipompoteza.

Mimi niliwakuta hospitali. Daktari alikuwa anauliza kama mgonjwa amepewa kitu chenye sukari. Mama akasema amepewa, tena sana, akatoa kikopo kwenye mkoba ili aonyeshe. Daktari alikisoma, akamrudishia taratibu. Alitueleza bila ukali kwamba vidonge vile vinadanganya ulimi tu, damu haipati kitu, na kwa hali aliyokuwa nayo Baba ilikuwa sawa na kunyweshwa maji ya moto. Sijawahi kuuona uso wa Mama ukiwa vile, na namwomba Mungu nisiuone tena.

Tulipotoka nje alinishika mkono wa shati.

"Dada yako asijue. Vimetoka kwake. Akijua hatalala usingizi maisha yake yote."

"Sasa tutamwambia nini, Mama?"

"Mwambie nilichelewa."

Ndiyo maana siku ya maziko, ulipopiga simu unalia na kuuliza tulikuwa wapi mpaka mgonjwa akazidiwa, Mama aliichukua simu mkononi mwangu akakujibu mwenyewe. "Ni mimi, mwanangu. Nilichelewa." Ukamkatia simu. Tangu siku hiyo unapiga kwangu tu. Tena ukamwambia Shangazi kwamba Mama alikaa akimtazama Baba anakufa, na Shangazi maneno hayamkai tumboni. Yalifika. Mama aliyasikia akiwa anaosha vyombo, akaendelea kuosha.

Sikufichi, nilikukasirikia. Nilikaa siku nyingi nikikujibu simu kwa meno ya nje. Nilimkasirikia na yeye, kwa kunifunga mdomo halafu kuyameza matusi yako kana kwamba ni haki yake. Mmefanana nyinyi wawili mpaka mnachosha.

Kile kifurushi cha vidonge ulichotuma kabla ya msiba kilifika tumeshazika. Mama alikipokea mwenyewe, akakificha sandukuni chini ya vitambaa vya Baba ili nisikione. Siku hizi chakula anakionja tu. Magauni yanamning'inia. Jumapili ukipiga anakuja kusimama mlangoni mwa chumba changu. Ukishakata ananiuliza kama umemuulizia, na mimi nimekuwa nikimwambia unamsalimu sana. Jumapili iliyopita alinitazama akasema, "Mwanangu, acha kunidanganya. Hata Baba yenu alikuwa anakushinda kwa uongo." Akaenda kulala, jua bado kali nje.

Basi ahadi nimeivunja. Sikuandikii ili nikutwishe mzigo, Dada. Vidonge havina kosa, vilifanya kazi viliyotengenezewa, na wewe uliyevituma huna kosa. Ningeweza kuendelea kukuficha kama ungekuwa unanuna tu. Lakini mzazi tuliyebaki naye anaisha huku namwona, na anaisha kwa sababu yako, ili wewe usiguswe.

Kwamba naye hana kosa nimemwambia mpaka mate yamenikauka, halimwingii. Mpigie wewe. Si kwangu, kwake. Usimwombe radhi mbio mbio ukakata. Muulize siku ile ilikuwaje, kisha unyamaze, hata kama kunyamaza hukujui, umwache aseme yote hadi kile kikombe cha pili. Utaumia, najua. Mimi niliandika ukurasa ule nikalazimika kwenda kunawa uso. Akikuuliza nani amekuambia, nitaje. Atanifokea, na wallahi nimetamani kumsikia akifoka.

Msalimie sana Shemeji, wabusu wapwa zangu. Shangazi anakusalimu, ingawa naye nina neno lake. Mwenye duka aliyetoa gari lake kumkimbiza Baba hospitali siku ile anakupa pole. Fundi viatu wa kibarazani naye anakusalimu, bado hajapata mtu mwingine wa kucheza naye drafti. Mungu akupe moyo wa kuipokea barua hii, akulinde wewe na nyumba yako.

Salamu za Mama humu hamna. Hajui kama ninakuandikia.

Wako akupendaye, hata ukinichukia leo,
Kitinda.