Nembo ya Tangawizi

Rahabu mwanangu,

Nawahi gari la kwenda Same. Makande yako jikoni, yapashe tu. Mbuzi nimeshawapa majani.

Asubuhi bango la kikundi cha mama yako lilipokunjuliwa, na nembo ya tangawizi uliyoichora ikaonekana kama tope, nilisema mbele ya akina mama wote kwamba hujui kuchora. Ukaingia ndani. Ndipo nikampigia mchapaji. Kumbe nilimtumia picha ya WhatsApp, ambayo ni vidoti vitupu, ukiikuza inavurugika. Alitaka faili lako la vekta, lililochorwa kwa mistari, ambalo hata ulikuze liwe kubwa kama ukuta halipotezi sura.

Nawe ulinipa hilo faili kwenye flashi, ukanisisitizia. Nimeikuta kwenye koti langu la kanisani, palepale nilipoitia; ndiyo ninayompelekea mchapaji huko Same, alichape bango upya.

~~Akina mama wakirudi, waambie mchapaji ndiye aliyekosea.~~

Hapana. Wakirudi, wape chai wanisubiri. Nilikusema mbele yao, nitakuomba radhi mbele yao. Nawe ukae nao, tafadhali. Usijifungie ndani kwa aibu ambayo ni yangu.

Baba