Asali Alivyopita Mbele ya Simba

Nkoaranga, Meru,
18 Agosti 1912.

Mpendwa mdogo wangu Solomoni,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Ile homa ya Tanga uliyotuandikia imekuachia, au bado inakutikisa kama mgomba kwenye upepo? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna maradhi hata kidogo. Mke wangu Lydia mzima, watoto wazima, maharage tumevuna. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kanzu yangu ya Jumapili, ambayo habari zake zinafuata.

Sasa nikupe habari za mtamba wako Asali. Mwisho wake ni mwema. Nakuambia mapema ili uji usikumwagikie.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kukuposea Ndeshi, baba yake, Mzee Sakaya, alimtaja Asali kuwa ng'ombe wa mahari mbele ya wazee wote. Na mnyama akishatajwa hivyo habadilishwi na mwingine, hata huyo mwingine awe mnono mara mbili. Basi Mzee alipotuma neno kwamba baada ya mavuno anamtaka ng'ombe wake, nilikwenda kumtazama Asali nikaona mbavu. Nikasema, mtoto wa mama yangu hataoa kwa mbavu. Nikampeleka kwa Simel, mume wa dada yetu Marta, achungwe pamoja na ng'ombe zake huko tambarare chini ya Nduruma, ale nyasi na kulamba magadi, arudi ananesanesa.

Wewe uliyemlea umeshaona kosa. Ng'ombe wetu wa mlimani huzaliwa ndani, hulala ndani, hukatiwa majani na kupasuliwa mgomba jioni kama mgeni wa heshima. Asali hajui kumfuata mwenzake wala hajui kuogopa kitu. Siku chache tu baadaye ng'ombe wa Simel waligeuka kwenda majini, yeye akabaki amesimama, anangoja kuletewa. Aliposhindwa kungoja akatangatanga, na nyayo zake zikaingia lile pori la serikali walilokataza watu kuwinda. Watu wa huku hawahangaiki na jina lake. Wanasema tu, "kule kwa simba."

Simel alipotuma habari hiyo nilikosa usingizi. Mzee Sakaya alikuwa amekwisha kusema kwamba Asali asipofika, posa imevunjika, na kuna kijana wa Maji ya Chai anayepita pale kwake kila mara akijifanya anaulizia mbegu. Nikaona, nitakuandikia nini ndugu yangu? Nikajifunga kanzu, nikaondoka.

Lydia alinisimamisha mlangoni akanitwisha begani kipande cha mgomba kinene kama paja. "Huyo hajui nyasi za kung'oa mwenyewe," akasema. "Ukimwona usimwite, mpasulie." Nilitelemka nacho mpaka Nduruma, na Simel aliponiona alikaa chini kwa kicheko.

"Shemeji, simba hali ndizi!"

"Si cha simba."

"Basi ni fimbo yako? Wameru nyinyi mnamjua simba kwa hadithi tu."

Mlinzi wa pori anaitwa Sumari, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Alikubali kutuingiza, lakini akasema mikuki ibaki kwake, maana ndiyo amri ya serikali kule bomani. Simel alivyouweka chini ule mkuki wake! Kama mtu anayelaza mtoto. Tukaingia na panga langu moja na mgomba wangu mmoja.

Solomoni, nimeishi miaka yangu yote nikilitazama bonde lile kutoka juu, nikidhani ni nyasi tu. Kumbe ni nyumba ya watu. Kwanza tulimwona duma amekaa juu ya kichuguu, mwembamba, kifua mbele, machozi meusi yamemchora usoni kama mtu aliyelia zamani akasahau sababu. Hakutujali. Alipoamua kuondoka sikuona miguu. Niliona nyasi zikifunguka na kujifunga.

Mbele kidogo nikaona mgunga mzuri wenye tawi la chini. Nikawaza, likitokea la kutokea, mti wangu ni huu. Nikajaribu kupanda, ili nijue njia. Kanzu ikashikwa na miiba, nami nikiwa nusu juu nikainua macho nikaona mguu wa swala unaning'inia.

"Shuka taratibu, kaka," Sumari akasema. "Mti huo una mwenyewe. Ni chui."

Nilishuka. Kanzu ilichelewa kidogo, na sehemu yake bado iko kule.

Ndipo tukawakuta. Simba jike watatu wamelala kivulini kando ya korongo kavu, na dume mmoja mbali kidogo, manyoya ya shingoni meusi kama makaa yaliyolowa. Ndugu yangu, sikuwa nimejua kwamba kitu kinaweza kulala na bado kikatawala. Hata nzi waliotua usoni mwake walionekana kama wameomba ruhusa. Hofu ilinishika, sikatai. Lakini chini ya hofu palikuwa na furaha, kama ile ya kuona kilele cha mlima mawingu yanapoachana. Nikamshukuru Mungu kwa kumwumba, na nikamwomba asimwamshe.

Na ng'ambo ya korongo, chini ya mti, Asali wako amesimama. Anangoja kuletewa. Jike mmoja aliinua kichwa akamtazama, naye Asali akamtazama jike yule kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Wameshiba," Sumari akanong'ona. "Lakini akikimbia watamfuata. Hata aliyeshiba hufuata kinachokimbia."

"Mwite kwa jina," Simel akasema, na safari hii hakuwa anacheka.

Nikakumbuka neno la Lydia. Nikauweka mgomba chini, nikaanza kuupasua. Ko. Ko. Ko. Mlio ule ule wa jioni uani kwetu. Masikio ya Asali yakasimama. Akatoka pale kivulini, akashuka korongoni, akapanda, akapita mbele ya wale simba kwa mwendo wa mtu anayekwenda kula kwake. Hakukimbia. Hakugeuka. Dume akanyanyuka. Nikaendelea kupasua, maana mikono ilikuwa imesahau kuacha. Dume akapiga miayo, tukaona meno yote, akatutazama kwa macho ya dhahabu mpaka nikahisi anajua ukoo wetu wote. Kisha akajilaza tena upande wa pili. Asali akaingiza pua mkononi mwangu, akaanza kutafuna.

Simel aliubeba ule mgomba uliobaki mpaka tulipotoka, bila kuombwa.

Tulimpeleka Asali kwa Mzee Sakaya juzi. Mzee alimzunguka akasema, "Hajanenepa." Nilipomweleza alikotoka akaweka mkono mgongoni pa mnyama. "Nimempokea," akasema. Basi, posa imesimama.

Ndeshi alikuwepo. Kwa heshima hawezi kunisema mimi shemeji yake mkubwa usoni, kwa hiyo alimwinamia Asali akamwambia, na sote tukasikia: "Wewe umesikia panga tu, ukapita mbele ya simba. Mwenzako huko Tanga anangoja kusikia nini?"

Aliyeulizwa si mimi. Wewe ndiye ujibu. Gari la moshi sasa linafika Moshi, na kutoka Moshi kuja huku hakuna simba wengi wa kukuzuia. Ndani ya barua hii nimekuwekea kipande cha ganda la mgomba ule. Kimekauka, lakini ukikivunja karibu na sikio utasikia kidogo.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Lydia anakusalimu na kusema kanzu mpya utaileta wewe. Marta na Simel wanakusalimu. Wasalimie wote wa nyumba unayokaa. Mungu akufunike njiani kama alivyomfunika yule aliyekutangulia kurudi nyumbani.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata unapochelewa,

Eliasi