Tezi Shingoni, Mrija Pembeni

Jumatatu, 6 Oktoba
Zege tena, mtaa wa Kinanira. Ndoo zinapanda mteremko kwa mikono. Wenzangu wamevaa makoti asubuhi, mimi jasho linatiririka kabla sijagusa koleo. Mikono inatetemeka. Nestori, kapita wetu, msimamizi wa kazi, alinishusha kwenye ngazi mbele ya watu, akiniita kwa jina la mji nilikotoka.
"We Kalemie! Unakula kama askari, unakonda kama mushumaa. Chakula unapeleka wapi?"
Wakacheka. Nami nikacheka. Sijui kinakwenda wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekula ugali wa watu wawili. Muda mfupi, njaa tena. Suruali nimeifunga kwa kamba. Moyo unakimbia hata nikikaa. Ninalala kwenye saruji, bila blanketi, mlango wazi. Naogopa.

Jumapili, 12 Oktoba
Kinama, kilabuni kwa Mama Inesi. Chungu kimoja cha impeke, pombe ya mtama, mrija mmoja, unazunguka mdomo kwa mdomo. Hapa anayepewa mrija ni ndugu. Mimi mgeni nilipewa wiki yangu ya kwanza, na Salvatori, fundi ninayemchanganyia zege. Leo Mama Inesi aliniwekea kikopo pembeni na mrija wangu peke yangu. Mpya, mkavu.
Salvatori alitazama chini. "Usikasirike, kaka. Mi niko na batoto."
Wanadhani nina kifua kikuu, au sida, yaani ukimwi. Sikumaliza kikopo. Labda wana haki.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepimwa yote mawili. Sina. Nilitaka kulia pale kwenye benchi. Daktari, mama mmoja mpole, alinipa maji akasema nimeze huku anatazama shingo yangu. Meza tena. Akatoa damu nyingine. Nirudi wiki ijayo.

Jumatano, 22 Oktoba
Ni tezi. Iko mbele ya koo, ndogo, umbo la kipepeo. Inatoa homoni, kitu kinachotembea na damu na kuuambia mwili uunguze chakula kwa kasi gani. Yangu inatoa kupita kiasi. Nimeelewa hivi: mimi ni mbabula, jiko la makaa, iliyoachwa mlango wazi. Makaa yanakwisha na hakuna sufuria juu.
Kuna tezi nyingine chini ya ubongo, kama punje ya maharage. Hiyo ndiyo kapita. Imeona homoni zimezidi, imenyamaza. Lakini askari wa mwili wangu, wale wa kupigana na magonjwa, wamekosea, wanaisukuma ile ya shingoni iendelee. Kibarua anamwaga mchanga na kapita hajasema neno.
Vidonge vya kutuliza moyo. Vingine vya tezi, hivyo vinachukua wiki nyingi kufanya kazi. Nikipata homa au koo likiuma, nirudi siku hiyohiyo.
Haiambukizi. Nilimuuliza mara mbili.

Alhamisi, 23 Oktoba
Niliwaambia wakati wa chakula. Kosa.
"Kalemie amemeza kipepeo!"
Nestori hakucheka. Bibi yake huko mlimani alikuwa na tezi shingoni kubwa kama embe, na alikuwa mnene. "Tezi apana kondesha mutu," alisema. Shingo yangu haijavimba. Basi mimi mwongo. Wote walikubali, hata Salvatori. Nilikula nyuma ya rundo la mchanga.

Jumapili, 2 Novemba
Mke wangu alipiga simu. Nilisema niko mzima. Sikwenda kwa Mama Inesi. Kutoka chumbani kwangu niliwasikia wakiimba. Nawachukia. Nawataka.

Jumatano, 12 Novemba
Mikono imetulia. Nilijaza kikopo cha chai hadi ukingoni, nikakibeba mpaka mlangoni. Hakikumwagika. Hakuna aliyeona.

Jumatatu, 24 Novemba
Kamba ya suruali nimeitupa. Nestori aliitazama suruali yangu, akaonyesha ngazi kwa kidevu. Nikapanda.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Nilisikia baridi. Baridi! Nikavaa koti kama watu.
Kwa Mama Inesi alikuwepo Salvatori peke yake na chungu. Kikopo changu kilikuwa rafuni, mrija ndani yake. Nilinyoosha mkono kukichukua.
"Acha hiyo," alisema.
Akanywa, akanipa mrija wake bila kuufuta. Ulikuwa umelowa. Nikanywa. Mvua iliendelea.