Sauti ya Shangazi Bungeni

4 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Za vikao? Kifua kimepona? Naandika barua kwa kuwa simu yako siku hizi anapokea msaidizi, na haya si ya msaidizi.

Mimi mzima, tena mzima wa kuzidi, maana ndoa imenikubali! Mwezi wa pili huu, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni moyo unaruka. Jana aliniundia kiredio cha jikoni kutokana na mabaki ya redio mbovu, akakipaka rangi nyekundu, eti ndiyo rangi niliyovaa siku aliyoniona mara ya kwanza. Nikalia, Shangazi. Akadhani kimenipiga shoti.

Sasa nina swali. Mchana nampelekea chakula sokoni, kwenye meza yake ya ufundi, tunakula sahani moja (cheka tu). Juzi redio zote pale mezani zilikuwa zikitangaza Bunge: muswada wa kuuza masoko ya umma kwa kampuni. Spika akasema wanaoafiki waseme ndiyo. Wakapiga kelele kwa pamoja, na katikati ya kelele zile nikakusikia. Sauti iliyokuwa ikiniita nyumbani kila jioni tangu baba alipofariki, nitaipotezaje? Ulisema ndiyo, ukaivuta mwishoni kama unavyolivuta jina langu.

Mume wangu akasema, "Mpenzi, kelele zote hizo utamjua nani?" Nikakusanya vyombo. Lakini ni wewe uliyepanda juu ya meza ya huyu huyu fundi wakati wa kampeni, ukaapa soko haliuzwi ukiwa mbunge. Na ni mimi niliyepita mlango kwa mlango kukuombea kura. Niambie nimesikia vibaya.

Mwanao,
Bibi Harusi


19 Machi

Mwanangu Bibi Harusi,

Marahaba. Kifua kimetulia, sasa ni miguu, kwa kukaa sana. Nimefurahi huyo fundi anakudekeza. Akiacha, nakuja na fimbo.

Masikio yako nimeyalea mwenyewe, siwezi kuyadanganya. Nilisema ndiyo. Kabla ya kura, chama kinatukusanya chumba cha pembeni, na mnadhimu, yule anayetuchunga twende pamoja, anatupa jibu la siku. Anayekaidi anafukuzwa chama, na ukishafukuzwa chama ubunge umekwisha. Nikiwa nje nitawasaidia nini? Jukwaani ni jukwaani, mwanangu. Huku ndani mambo ni mengine.

Usihangaike. Nimeongea na watu wa kampuni. Jengo jipya likisimama, mumeo atapata chumba cha mbele, chenye kioo. Hiyo ndiyo zawadi yangu ya harusi. Ila habari za sauti yangu ziishie kwako.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole na miguu, iloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi.

Barua yako nilimsomea mume wangu kichwa changu kikiwa begani kwake. Nilipofika kwenye chumba cha kioo akauliza, "Na mama nitamweka wapi, juu ya kioo?" Unajua mama yake anauza mboga meza ya jirani. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha hatukucheka tena. Asante, Shangazi, hatukichukui. Ah, mwanamume huyu ningempa dunia!

Jumamosi tulikwenda maktaba, fungate yetu ya pili hiyo, tukasoma kumbukumbu za Bunge tangu tukuchague, kila kura iliyopigwa kwa kuita majina. Ulituahidi ada ya zahanati itafutwa. Chama kikasema ibaki, nawe ukasema ibaki. Ulituahidi kupinga kodi ya vipuri. Chama kikaipitisha, nawe ukaipitisha. Nilitafuta siku moja tu ambayo chama kilikuwa kule nawe ukawa kwetu. Mume wangu akarudia kurasa zote, akidhani nimeruka.

Kura ya mwisho ya masoko ni tarehe kumi na sita, na wataita majina. Soko zima tutasikiliza. Sema siyo. Wakikuvua ubunge, simama bila chama, nami nitapita milango yote upya, na safari hii nina mtu wa kunibebea kipaza sauti. Usiposema, watu nitawaambia nilichosoma. Sikutishi, Shangazi, nakupenda mno kwa hilo. Nakuarifu.

Mwanao,
Bibi Harusi


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Jana ulinitia hofu.

Karani aliita jina lako, soko likatulia, hata wabeba mizigo wakashusha. Akaita tena. Mara ya tatu akasema, "Hayupo," akaenda kwa mwingine. Mama mkwe akanishika mkono: "Anaumwa?" Nikapiga simu mbio. Msaidizi wako akanijibu vizuri tu, "Mheshimiwa yuko mgahawani, anapata chai."

Muswada umepita. Unajua.

Nililia mpaka shati la mume wangu likalowa. Aliponiuliza nataka nini, nikamwambia nataka viatu vya kutembelea. Leo asubuhi tumeanza, mitaa ile ile. Nabisha hodi, nasema mbunge ndiye aliyenilea, mimi ndiye niliyekuja kumwombea kura zenu, na sasa nimekuja kuwaomba msimpe tena. Kisha nawaeleza alichoahidi na alichopitisha. Mama mmoja alinitania, "We bibi harusi, fungate haijaisha unagombana na ukoo?" Nikamwambia hata ukoo unanunua mboga soko lile.

Mama mkwe ndiye aliyeniweza. Aliniuliza, "Na akija kukuomba wewe mwenyewe?"

Nikamwambia nitampokea mizigo, nitampikia, nitamtandikia kitanda chetu sisi tulale chini. Halafu nitamwambia siyo.

Mwanao