Mama Mkwe Amehamia Nyumba ya Wazee

Jumatatu, 7 Juni 1976

Mwenyekiti amerudi kutoka Ulaya! Wiki tatu alikuwa Bulgaria na wakulima wenzake wa pamba, kwenda kuona ndugu zetu wa kijamaa wanalimaje. Ameshuka kwenye lori pale barabara ya Bunda, saa saba ya jua, na kofia ya manyoya kichwani. Jasho linamtiririka, kofia havui.

Saa kumi mkutano wa hadhara. Tulidhani ataeleza pamba. Wapi! Habari yote ni wazee. Anasema alipelekwa milimani akaona vikongwe wanakata kuni. Akafungua daftari. Kule mtu anaishi miaka sabini na moja, sisi huku hatufiki hamsini. "Ndugu wananchi, tumepitwa miaka ishirini na zaidi!" Utafikiri ni mbio, tukikaza mwendo tutawakuta jioni.

Mzee Kwangu, baba yake mzazi, akauliza siri yao ni nini. Mwenyekiti akashusha sauti. Maziwa. Maziwa gani? Yaliyoganda.

Halafu mama mkwe wangu, kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Luhende, umepanda ndege siku mbili kwenda kunywa mgando?"

Mkutano ulifungwa hapo hapo. Hata dua hatukumaliza.

Jumatano, 9 Juni

Leo mama mkwe ameonja mchuzi wangu mbele ya mwalimu mkuu na kuongeza chumvi. Bila kuniangalia. Miaka minane naishi na Mama Mbuke, na siku akikasirika haongei na mimi, anaongea na kuku. "We kuku, nani huyo kaacha ungo nje na umande huu?" Kuku hajibu. Najibu mimi.

Zahanati nayo haniachii. Mgonjwa amepanga foleni tangu asubuhi, mama anapita na mzigo wake wa majani, anamwambia aende nyumbani akachemshe mizizi. Mimi ndiye muuguzi! Nimesoma Musoma miaka mitatu! Mume wangu Pastory nikimweleza anacheka tu. Yeye yuko kwenye kivuko cha Kisorya, anakujaga mwisho wa mwezi, anapikiwa, anaondoka. Mama ni mtamu ukimwona siku mbili.

Jioni akaniuliza, safari hii mimi, si kuku. Kama watu wa hapa hawafiki hamsini, na yeye amepita zamani, amekula miaka ya nani?

Nikamweleza wastani. Nikamwambia, mama, mtoto mmoja akifa mchanga, na mwenzake akifika themanini, wanajumlisha halafu wanagawa. Mama alizika wanne kabla ya Pastory.

"Basi ni ya wanangu," akasema. "Nimekula ya wanangu."

Akaenda kumfokea kuku.

Jumamosi, 12 Juni

Kamati ya kijiji. Mwenyekiti ameleta jambo la pili kutoka Bulgaria: nyumba ya wazee. Anasema wenzetu wazee wao hawakai jikoni kwa wakwe zao. Wana jengo lao, vitanda, shuka nyeupe, supu na nesi. Kwa hiyo na sisi! Itatumika ile nyumba ya wageni ya bati tuliyowajengea wataalamu. Tangu imalizike hakuna mtaalamu aliyelala, wote wanawahi kurudi Bunda. Vitanda sita. Nesi ni mimi. Niandikishe wazee waliopita sabini.

Wajumbe wengine walinung'unika kwamba mzazi hatolewi nyumbani. Mimi nilisema ni pendekezo zuri, acha tulijaribu.

Naandika ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Jina la kwanza lililonijia ni la mama mkwe. Na moyo uliruka. Mungu anisamehe, uliruka kama ndama.

Jumatatu, 14 Juni

Kuandikisha umri ni kazi ya kutwanga maji. Hakuna anayejua mwaka. Mzee Kwangu kasema yeye ni mia na kumi, Wadachi walimkuta tayari anachunga ng'ombe wa mahari yake. Nikaandika themanini na alama ya kuuliza.

Kazi ikaishia kwake. Uvumi umepita kijiji kizima kwamba watakaoandikwa watapelekwa Bulgaria kubadilishwa na trekta. Sasa hakuna mzee hapa! Bibi Dorotea, ambaye mjukuu wake ameolewa juzi, kaniambia ana thelathini na nane. Nilimwambia bibi, mimi mwenyewe nina thelathini na moja. Akasema, "Basi tuko rika moja, shoga." Akaondoka na fimbo yake, huku anajikaza asichechemee.

Jumanne, 15 Juni

Nilipanga maneno tangu asubuhi. Nikamkuta mama anasukasuka kibuyu cha maziwa. Nikaanza, mama, si kwamba hapa kwako pana shida, ila kuna ile nyumba, na wewe umefanya kazi sana...

Alisimamisha kibuyu. "Unanifukuza, Mama Esta?"

"La hasha, mama!"

"Juu ni bati?"

"Bati."

"Haivuji?"

"Haivuji."

"Na nani anapika?"

Nikasema kijiji kimepanga zamu. Kabla sijamaliza yuko ndani anafunga mzigo. Kibuyu, kigoda, kuku. Nilikuwa nimejiandaa kulia, machozi yapo tayari, yakakosa kazi. Mlangoni akageuka, nikadhani ni baraka.

"Yule ng'ombe mweusi humkamui kwa kumkimbilia. Unamwimbia kwanza."

Jumatano, 16 Juni

Uhuru!! Nimepika sato kwa chumvi yangu mwenyewe. Nimekula nimenyoosha miguu.

Jumamosi, 19 Juni

Ng'ombe mweusi kanipiga teke la goti. Nilimwimbia! Nilimwimbia wimbo wa mchakamchaka, ndio niliokuwa nao kichwani. Nadhani hakuupenda.

Mwanangu Boke halali. Ana mwaka na nusu na hajawahi kulala nje ya mgongo wa bibi yake, hilo sikulijua. Dada yake Esta kaenda shule na nywele kama kiota, kasema bibi ndiye anamsukaga. Kuni zimeisha. Zilikuwa hazijawahi kuisha, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Zahanati nimefungua saa tatu na nusu. Foleni imenitazama tu.

Huko nyumba ya wazee imejaa! Waliposikia Mama Mbuke na Mzee Kwangu wanalala chini ya bati na trekta halijaja, wote wamerudi kuandikwa, na waliokosa kitanda wanashinda barazani. Bibi Dorotea amezeeka miaka arobaini tangu Jumatatu.

Jumatano, 23 Juni

Nilienda kupima afya. Nilidhani nitakuta wazee wamelala, wanatazama dari. Nimesikia kicheko tangu kwenye mbuyu wa shule. Ndani wanacheza bao, wamegawana tumbaku, kuna mtungi wa togwa. Mwenyekiti alikuwa amewapikia supu ya kabichi ya Kibulgaria kwa mkono wake. Walimshukuru sana, supu wakampa mbwa. Mbwa naye aliondoka.

Fimbo ya Mzee Kwangu imetundikwa ukutani. Nikamuuliza atatembeaje. Kasema fimbo ilikuwa ya nyumbani, kule usipokuwa nayo wanakutuma.

Mama mkwe kanipokea kama mgeni. Kanikaribisha kiti. Kaniuliza watoto hawajambo. Kiti! Roho iliniuma nikashindwa kujua ni kwa nini, maana si ndicho nilichotaka?

Ijumaa, 25 Juni

Mkutano wa dharura. Pamba iko shambani inapasuka na hakuna wa kuichuma, akina mama wamekaa na watoto wao wachanga maana bibi zao hawapo. Gati, mke wa mwenyekiti, kasimama mbele ya watu wote akamwambia mumewe dume la ng'ombe halimtii mtu isipokuwa Mzee Kwangu, limevunja zizi mara mbili, na kama hamrudishi baba yake, yeye Gati ndiye atakayekwenda Bulgaria.

Watu wawili wanagombea mpaka, mwenye kuujua yuko ndani anacheza bao. Harusi moja imesimama, hawajui kama ukoo wa bibi arusi ni ndugu zao. Kila jioni kuna foleni pale barazani ndefu kuliko ya zahanati yangu. Wazee wameweka saa za kuona watu! Saa kumi mpaka kumi na mbili.

Mwenyekiti akatangaza mpango umesimama kwa muda. Wazee wakasema hapana, hii ni nchi ya kujadiliana, tupige kura. Wakapiga wenye vitanda wao kwa wao, humo ndani. Sita kwa sifuri.

Jumapili, 27 Juni

Pastory amekuja. Amebeba kambare mkavu na sukari ya mama yake. Swali la kwanza: mama yuko wapi?

Nikamwambia. Akaenda. Akarudi baada ya saa mbili ameshiba.

"Amenenepa," kasema. "Anasema Wabulgaria wana akili."

Nikacheka. Yeye akacheka kidogo, halafu akauliza taratibu, ni nani aliyemwandika jina. Nikasema mimi.

Hakugomba. Alichukua panga akaenda kutengeneza zizi la mbuzi ambalo halikuwa na ubovu wowote. Mchana kutwa. Angenigombeza ningejibu. Nina majibu mengi sana, nimeyapanga siku nyingi, hakuna aliyeyataka.

Kabla ya kuondoka kaniambia, "Jeska, kule kivukoni kuna mzee anavuka kila siku kwenda Ukerewe na kurudi. Hana anakokwenda. Anasema kwenye meli kuna watu." Akapanda lori.

Jumatano, 30 Juni

Barua kutoka Musoma! Bwana Maendeleo wa wilaya anakuja Ijumaa na daktari wa kike kutoka Bulgaria. Daktari huyo anazunguka nchi mbalimbali kulinganisha wazee wanavyotunzwa, amesikia kijiji chetu ni cha mfano. Amesikia kwa nani? Kwa mwenyekiti, alimwandikia mwenyewe mwezi huu alipokuwa bado na raha.

Sasa anakimbia huku na huku. Kataka shuka nyeupe, nimempa za zahanati. Kataka wazee wafiche tumbaku. Kataka rejista, na umri bila alama za kuuliza. Kaniambia Gati hampikii tangu Ijumaa. Nilimpa uji. Aliunywa amesimama, kofia mkononi.

Mimi viungo vinauma. Ni pamba, nimechuma jioni tatu na Boke mgongoni.

Ijumaa, 2 Julai

Naandika nimelala, sijui nitasoma nini hapa kesho.

Asubuhi nikaamua. Kabla wageni hawajafika nakwenda kumchukua mama. Si kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe tumeshazoeana. Nikambeba Boke, nikashika mkono wa Esta, rejista na daftari hili kikapuni. Njia nzima nasema maneno. Mama, nilikosea. Mama, nilidhani nyumba ni yangu. Njia ilikuwa ndefu kuliko siku zote na jua lilikuwa na baridi.

Alikuwa mlangoni anapepeta mtama.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Nani kakutuma, Pastory?"

"Hapana. Nimejituma."

Akaweka ungo chini. Nikangoja aongee na kuku, maana kuku alikuwepo pale pale. Badala yake aliniwekea mgongo wa kiganja shingoni.

"Unaungua, mwanangu. Tangu lini?"

Nikasema tangu juzi, kidogo tu. Nilitaka kuendelea na maneno yangu, yalikuwa bado mengi. Akageuka ndani.

"Dorotea! Toka kitandani."

"Wageni wanakuja, nimeambiwa nilale!" Bibi Dorotea alikuwa ameshajinyoosha kwenye shuka nyeupe, mikono kifuani.

"Toka, huyu ana homa ya kweli."

Sikumbuki kuvua viatu. Nadhani alinivua yeye. Mzee Kwangu kachukua Esta kumwonyesha bao. Boke karukia mgongo wa bibi yake, akafungwa kwa kitenge, akanyamaza kama taa iliyozimwa. Mama akachukua funguo zangu kiunoni, akaenda zahanati mwenyewe, akarudi na dawa za malaria, klorokwini. Zile zile. Hakuleta mizizi. Nilimtazama, akasema, "Usinitazame hivyo, nakuonaga ukiwagawia, nne kwanza." Uji nao. Niliutapika, akaleta mwingine.

Nimelala. Nimeamka bati linaalika kwa jua. Wazee wanaongea kwa kunong'ona ili nisisumbuke. Bati kweli halivuji. Ni kitanda kizuri sana hiki, nilikuwa sijui.

Nikamuuliza, "Mama, utarudi lini nyumbani?"

Anachambua mtama pembeni ya kitanda. Hakuinua macho.

"Kwani wewe utatoka lini hapa?"

Sijui anatania. Uso wake hausomeki, haujawahi kusomeka.

Gari! Landrova imesimama barazani. Mwenyekiti anaongea kwa sauti ya mkutano, karibuni, karibuni, wote humu wamepita sabini. Bibi Dorotea amekaa sakafuni kakunja uso, anasema kitanda chake kimeibiwa na serikali. Mama amenivutia shuka mpaka kidevuni na kunifunga kitambaa chake kichwani, nywele zote ndani.

"Wakiuliza, una sabini na tano. Na usichekecheke, mtu mzima wewe."

Nyayo. Viatu vya kisigino. Mlango unafunguka, mwenyekiti ndiye wa kwanza, ameniona, amebaki mdomo wazi na mkono hewani. Nyuma yake mama mzungu ana kalamu na karatasi. Boke ameinua kichwa mgongoni, ameita, "Mama!"

Mimi na bibi yake tumeitika wote wawili.