Swali Ambalo Kliniki Haikuuliza

Dada yangu Wanjiru,

Nimeandika barua nyingi maishani, nyingi za kuwaombea wanafunzi nafasi shuleni, lakini hii nimeiahirisha tangu tulipokuzika. Naiandika wazi kwa sababu uongo niliokuachia uubebe ulisemwa mbele ya watu.

Kila mwezi ulitoka nyumbani Karatina siku moja mapema, ukalala kwangu Ruring'u, kando ya mji, na asubuhi tukatembea pamoja hadi kliniki ya mjini. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na dawa ya kifafa haikufika zahanati za mashambani. Uliniletea viazi vitamu. Nami, kama kawaida yangu, nilikueleza njia nzima kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si laana, na mate ya mgonjwa hayaambukizi mtu. Ulicheka, ukaniita mwalimu kwa matamshi ya kwetu. "Mwarimu, mimi ndiye mgonjwa. Enda uambie hao wananikimbia."

Ulikaa miezi minane bila kuanguka. Ndipo Kariuki, mchumba wako, akatuma habari kwamba shangazi zake wawili wangelala kwetu Karatina kabla ya mazungumzo ya mahari. Wajua walichofuata: kuona unavyoamka, unavyoteka maji, unavyopika njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Ugonjwa wako tulikuwa tumewaficha. Vidonge vilikufanya uamke na macho mazito, nami nikaogopa watakuita mvivu, au watavikuta.

"Acha dawa wiki hii tu," nilikuambia nyuma ya ghala la mahindi.

"Na nikianguka?"

"Miezi minane, Wanjiru. Umepona."

"Haya. Si wewe ndiye umesoma?" Ukanikabidhi vidonge vikiwa kwenye karatasi yake, nikavitia mfukoni mwa koti.

Anayesoma barua hii ajue nisilolijua mimi siku ile: dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Ikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Siku ya nne bila dawa ulianguka jikoni, njahi ikichemka mafigani. Mimi nilikuwa sebuleni nikiwasimulia shangazi habari za shule. Tulipokufikia, mkono wako wa kushoto ulikuwa motoni. Nilikubeba nje, vidonge vikiwa bado mfukoni mwangu. Shangazi waliondoka bila kula, na Kariuki hakurudi.

Kule kliniki, daktari alitazama bandeji, kisha kadi. "Kwa nini uliacha dawa? Msichana mkaidi wewe! Tunawapa dawa, nyinyi mnazitupa."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika sweta yako. Uligeuka ukanitazama mara moja tu.

"Nilisahau, daktari."

Akaandika kwenye kadi: mgonjwa mkaidi. Tangu hapo kila aliyefungua kadi ile alikugombeza kabla hajakusalimu. Ukachoka, ukaacha kwenda. Nami, niliyeweza kusema neno moja tu, nilikuacha uache. Mwaka uliofuata ulianguka mtoni ukiteka maji, peke yako.

Sasa nimestaafu, na zahanati ya hapa nyumbani inatoa dawa hiyo kila Jumatano. Mimi ni mwenyekiti wa kamati yake. Wiki iliyopita aliingia mama kijana, paji la uso limechubuka, akifuatana na mama mkwe wake. Muuguzi akauliza mbona ameacha dawa.

"Nilisahau."

Mama mkwe alikuwa akitazama kiondo chake. Mtazamo ule naujua kwa ndani.

"Mama," nilimwambia, "nilikuwa na dada. Aliacha dawa kwa sababu mimi nilimwambia aache. Halafu nikanyamaza hivi hivi, akagombezwa yeye."

Alikiweka kiondo sakafuni. Kisha: "Ati ilikuwa inamlaza sana. Na mimi niko na mgongo mbaya, nani angeteka maji? Nikamwambia apumzike nayo kidogo."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Hakumgombeza mtu. Alivuta kiti cha pili, akamkalisha mama mkwe, akawaeleza wote wawili namna ya kunywa dawa ili usingizi upungue. Jumamosi kamati ilikubaliana: mgonjwa akiacha dawa, jamaa yake aitwe ndani, na swali la kwanza liwe, nani alikuambia uache? Ni swali dogo, Wanjiru. Lingeulizwa siku ile, labda ningejibu. Nasema labda, kwa sababu sitaki kukudanganya tena.

Kadi yako ninayo bado. Jana niliitoa sandukuni na chini ya maneno ya daktari nikaandika: "Si kweli. Hakusahau, wala hakuwa mkaidi. Aliambiwa aache dawa na kaka yake." Nikatia sahihi.

Pumzika, dada. Huna tena haja ya kunifichia.

Kaka yako,
yule uliyemwita Mwarimu